Mlima Hanang: Kurudi si Kushindwa

Sisi watu wa Dodoma tumezoea nchi tambarare. Vilima vyetu ni vya mawe, na mtu huvipanda na kushuka kabla jua halijawa kali. Mlima Hanang si hivyo. Uko Mkoa wa Manyara, kaskazini mashariki ya Singida. Urefu wake ni zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Dodoma uko kiasi cha mita 1,100 tu. Zamani sana mlima huu ulikuwa volkano.

Mimi na mke wangu hatukuwahi kupanda mlima mrefu. Tulipanda basi Dodoma, tukapita Kondoa na Babati, tukafika Katesh. Mji huu uko chini ya mlima. Hapo wanaishi Wabarbaig, wafugaji hodari, na Wairaki, ambao hulima na kufuga. Msitu wa mlima ni hifadhi ya Serikali. Kwa hiyo tulilipa ada, tukapata kibali. Kisha tukatafuta kijana mwenyeji atuongoze.

Kijana alitupa masharti matatu. Kwanza, kila mtu abebe maji ya kutosha, kwa kuwa njiani hakuna maji. Pili, kila mtu awe na viatu imara na nguo za baridi. Tatu, ikifika saa 7 mchana tugeuke, hata kama hatujafika kileleni.

Tulianza saa 11 alfajiri kwa mwanga wa tochi. Tulipita vichakani, kisha tukaingia msitu wenye miti mikubwa. Juu ya msitu kuna nyasi na mawe, na njia hufuata mgongo wa mlima. Upepo ulikuwa mkali. Kadiri unavyopanda, baridi huzidi na hewa huwa nyepesi.

Saa 5 mke wangu alianza kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Mbele yetu tuliona ncha ya mlima. Nilitamani sana kufika.

Kijana akasema, "Mzee, ile siyo kilele. Nyuma yake kuna nyingine. Mama anaumwa kwa ajili ya hewa nyepesi. Dawa yake ni kushuka."

Mke wangu akasema, "Baba watoto, miguu iliyonipandisha ndiyo itakayonishusha. Nikiimalizia hapa, nani atanibeba?"

Tukageuka. Haukupita muda, ukungu ukafunika njia yote ya juu. Tulipofika msituni, kichwa chake kilikuwa kimetulia.

Watu wa Katesh hawaufanyii mlima huu mchezo. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Matope, mawe na magogo yalishuka mpaka kwenye makazi. Watu zaidi ya 80 walifariki.

Ndugu msomaji, ukitaka kupanda Hanang, nenda wakati wa kiangazi. Usiende peke yako. Msikilize mwenyeji, hata kama ni mdogo kwako kwa umri. Mwenzako akiumwa, shukeni wote pamoja. Kilele hakihami. Aliyerudi salama anaweza kwenda tena mwaka ujao.