Likizo Visiwani Ugiriki: Hoteli Gani Yafaa kwa Familia?

Kila mwaka matangazo ya likizo yanapoanza kumiminika, akina mama wenzetu wa kanisani hutuuliza swali lile lile: "Mlipokwenda Ugiriki na watoto, mlifikia hoteli gani?" Jina la hoteli peke yake si jibu la kutosha. Iliyotufaa sisi huenda isikufae wewe, kwa kuwa nyumba yako ina watu wengine wenye mahitaji mengine. Afadhali tueleze jinsi tulivyochagua, ili kila mama apate kipimo cha kupimia mwenyewe.

Sisi ni familia ya watu sita: baba, mama, watoto watatu na bibi yao mzaa baba, aliyekuja kututembelea kutoka Morogoro. Tunaishi Uingereza, na kazi ya mama ni uuguzi. Mtoto wa kwanza ana miaka 14, wa pili ana miaka 9, na kitindamimba ana miaka 3. Yule wa pili anaishi na ugonjwa wa selimundu. Fedha za safari tuliziweka kidogo kidogo kwa muda wa miaka miwili, na tulitaka zitupatie jambo moja tu: siku saba ambazo watoto watacheza na mama naye atapumzika. Maana likizo nyingi za akina mama ni kuhamisha jiko tu. Unapika, unafua na kukimbizana na watoto kama nyumbani, ila mahali pageni.

Kanuni tuliyoifuata ni hii: hoteli ya familia huchaguliwa kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote. Kijana wa miaka 14 atafurahi popote penye maji na mpira. Lakini mtoto wa miaka 3, mgonjwa, na bibi mwenye maumivu ya magoti ndio wanaoamua kama familia nzima itapumzika au itahangaika. Wakitulia hao, mama naye atatulia.

Kisiwa kwanza, hoteli baadaye

Wengi huanza na picha ya hoteli. Sisi tulianza na kisiwa. Ugiriki ina maelfu ya visiwa vikubwa na vidogo, na havifanani hata kidogo.

Santorini ndicho kinachoonekana zaidi kwenye picha, na kweli kinapendeza. Lakini miji yake mashuhuri, Fira na Oia, imejengwa ukingoni mwa genge refu lililoachwa na mlipuko wa volkano. Ngazi ni nyingi, kigari cha mtoto hakipiti kwa urahisi, na baadhi ya hoteli za pale hazipokei watoto kabisa. Maharusi wataipenda. Mama mwenye mtoto mgongoni na mama mkwe mwenye magoti mabaya atachoka siku ya kwanza.

Visiwa vikubwa kama Krete, Rhodes, Kos na Corfu vina mambo matatu yanayoifaa familia. Ndege nyingi hutua huko moja kwa moja kutoka miji ya Ulaya, fukwe za mchanga zenye maji mafupi zipo, na hospitali zipo. Hilo la tatu halimo kwenye matangazo, lakini sisi wauguzi ndilo tunaloliuliza kwanza. Visiwa vingi vidogo vina kituo cha afya tu, na mgonjwa aliyezidiwa husafirishwa kwa helikopta au kwa boti hadi kisiwa kikubwa au Athens. Kwa mtoto mwenye selimundu, pumu au kifafa, hilo si jambo dogo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto mwenye selimundu haingojwi hadi asubuhi.

Jambo jingine ni upepo. Wasomaji wa Matendo ya Mitume watakumbuka taabu ya upepo iliyoipata merikebu ya Paulo karibu na Krete. Ule ulikuwa upepo wa wakati mwingine wa mwaka. Wa kiangazi huitwa meltemi. Hutoka kaskazini na huvuma kwa nguvu zaidi Julai na Agosti katika bahari ya Aegean, hasa kwenye visiwa vya katikati. Hupunguza joto, lakini huinua mawimbi na kurusha mchanga machoni mwa watoto. Kwa hiyo uliza ufuko umeelekea wapi, na kama umekingwa na kilima au kisiwa kidogo. Visiwa vya upande wa magharibi kama Corfu na Zakynthos havisumbuliwi sana na upepo huo.

Tulivutiwa pia na Kos, ambako Hippocrates, anayeitwa baba wa utabibu, alizaliwa yapata mwaka 460 kabla ya Kristo. Fukwe za Tigaki na Marmari zina mchanga mzuri, ila ziko upande wa kaskazini, unakotoka upepo. Mwishowe tulichagua Krete, eneo la Agia Marina, magharibi ya mji wa Chania. Ufuko ni wa mchanga, maji ni mafupi, kisiwa kidogo kilicho mbele hupunguza mawimbi, na mji wenye hospitali hauko mbali. Ukichagua Krete, tazama ramani kabla ya kukata tiketi. Kisiwa hicho kina urefu wa kilomita 260 hivi na viwanja viwili vikubwa vya ndege, Chania na Heraklion. Ukishukia kisichokuwa chako, watoto watakaa ndani ya gari saa mbili au zaidi baada ya safari ya ndege.

Bahari, bwawa na roshani

Neno "familia" katika tangazo la hoteli huweza kumaanisha tu kwamba watoto hawakatazwi. Kuna hoteli moja tuliyokaa zamani, katika nchi nyingine, iliyotangaza kuwa ipo mita 200 kutoka ufukweni. Mita zilikuwa kweli 200, lakini katikati ilipita barabara kuu isiyo na njia ya waenda kwa miguu, na kila safari ya baharini ilikuwa ya kushikana mikono na kusali. Tangu hapo hatuulizi umbali peke yake. Tunauliza na kilichopo katikati.

Bwawa la kuogelea ndilo linalotutia hofu zaidi. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono kama tunavyoona kwenye filamu. Huzama kimya, kwa muda mfupi, na maji yanayofika magotini mwa mtu mzima yanatosha kumuua. Kwa hiyo uliza kama bwawa la watoto limetengwa na lile la wakubwa, kama lina uzio wenye lango linalofungwa, na kama yupo mwokoaji na saa zake za kazi. Vyumba ambavyo mlango wake hufunguka moja kwa moja kwenye bwawa hupendeza kwenye picha. Mwenye mtoto wa miaka 3 avikatae. Hata akiwapo mwokoaji, mtu mzima mmoja wa familia awe zamu, bila simu mkononi, kisha apokewe na mwingine. Maboya ya mikononi si kinga ya kutegemea.

Mtoto mwenye selimundu ana tahadhari zake. Maji baridi huweza kumletea maumivu makali, hivyo tuliuliza kama bwawa hupashwa joto. Mwezi wa Mei mabwawa mengi yasiyopashwa joto huwa baridi sana, na bahari nayo bado haijapata joto. Sisi tulikwenda mwishoni mwa Agosti, bahari ikiwa na joto la kutosha. Mtoto wetu aliingia majini kwa vipindi vifupi, akafutwa na kuvalishwa nguo kavu mara anapotoka, na chupa yake ya maji ya kunywa haikukosekana kando.

Roshani nayo iangaliwe. Tuliomba chumba cha chini kwa ajili ya bibi na kitindamimba. Ukipewa cha ghorofani, siku ya kwanza ondoa viti na meza karibu na kizuizi, maana mtoto hupanda kiti kabla hujageuka.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Tuliandikia hoteli tatu maswali yale yale. Moja haikujibu, moja ilijibu nusu, na ya tatu ilijibu kila swali na kutuma picha ya mlango wa chumba. Huko ndiko tulikokwenda. Maswali yenyewe ni haya:

1. Kuna ngazi ngapi kutoka mapokezi hadi chumbani, hadi chumba cha chakula na hadi ufukweni? Lifti ipo?
2. Je, mnavyo vyumba viwili vyenye mlango wa kati, na mnathibitisha kwa maandishi?
3. Kuna friji ya kuwekea dawa na birika la kuchemshia maji?
4. Kiyoyozi kimo katika bei, au hulipiwa kando?
5. Chakula cha jioni huanza saa ngapi?
6. Muziki wa baa huzimwa saa ngapi, na chumba chetu kiko umbali gani nayo?
7. Daktari aliye karibu yuko wapi, na hospitali iko umbali gani kwa gari?

Swali la tano lina sababu. Wagiriki hula chakula cha jioni kwa kuchelewa, mara nyingi saa tatu usiku au baadaye, wakati ambao mtoto wako amekwisha lala mezani. Hoteli nyingi zinazopokea familia huanza mapema. Mchana nako kuna desturi ya kupumzika: wakati wa kiangazi sheria hutaka utulivu kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu alasiri. Saa hizo tulizitumia vizuri. Ndizo saa za kumlaza mtoto, na jua la kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri si la kumchezea mtu nje. Ngozi yetu nyeusi nayo huungua, hivyo kofia na mafuta ya kukinga jua ni ya wote.

Kuhusu chakula, tulichagua kulipia cha asubuhi na cha jioni. Nyumba yenye jiko ni rahisi kwa bei, lakini kwetu mpishi angekuwa yule yule. Mchana tulikula mkate, mtindi, matikiti na nyama ya mishikaki kwenye mgahawa wa kijiji, ambako watoto hupokewa kwa furaha. Usishangae pia ukikuta tangazo chooni la kutotupa karatasi ndani ya choo. Mabomba ya sehemu nyingi ni membamba, kwa hiyo karatasi huwekwa kwenye ndoo iliyopo. Wafundishe watoto siku ya kwanza.

Gharama za pembeni

Bei ya kwenye tangazo si bei yote. Serikali ya Ugiriki hutoza ada kwa kila chumba kwa kila usiku, na kwa kawaida huilipi mpaka ufike hotelini. Tangu Januari 2025, kwa miezi ya Aprili hadi Oktoba, hoteli ya nyota tatu hutoza Euro 5, ya nyota nne Euro 10 na ya nyota tano Euro 15. Vyumba viwili vya nyota nne kwa siku saba ni Euro 140.

Kwa anayetoka nyumbani Afrika Mashariki kuna viza ya Schengen. Tangu Juni 2024 ada yake ni Euro 90 kwa mtu mzima na Euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Viza ya Uingereza haimwingizi mtu Ugiriki, kwa hiyo bibi aliomba ya Schengen kabla ya kuondoka Tanzania. Kwa kuwa ubalozi hutaka uthibitisho wa mahali pa kulala, chagua hoteli inayokubali kuvunja mapatano bila kukutoza iwapo viza itakataliwa. Bima ya afya isiyopungua Euro 30,000 nayo ni ya lazima kwa viza hiyo. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, utaje ugonjwa wake kwa kampuni ya bima, hata kama bei itapanda. Bima iliyofichwa ugonjwa huenda isilipe siku ya shida.

Mwisho, kuna jambo la moto. Mwezi Julai 2023 moto wa misitu katika kisiwa cha Rhodes ulilazimu watu wapatao 19,000 kuhamishwa, wengi wao wageni wa hotelini. Kila tulalapo, pasi za kusafiria, dawa za mtoto na barua ya daktari huwa katika mfuko mmoja karibu na mlango. Namba ya dharura ni 112, na kijana wetu wa miaka 14 aliikariri.

Siku ya nne ya safari yetu, mama alilala mchana saa mbili mfululizo. Baba alikuwa zamu bwawani, bibi alikuwa kivulini chini ya mti akiwamenyea watoto tikiti, na hakuna aliyekuja kugonga mlango. Nyota za hoteli hazikuandika habari hiyo, lakini ndiyo tuliyoilipia. Nanyi akina mama, mkiketi na baba watoto kupanga safari, anzeni kwa kumtaja aliye dhaifu nyumbani mwenu. Mkimpatia yeye mahali pazuri, wengine wote watakuwa wamepata.