Upanga wa Zumaridi

Kijana wetu mmoja wa Kilwa Masoko alinisikilizisha albamu ya kundi la Rhapsody la Italia, Symphony of Enchanted Lands, iliyotoka mwaka 1998. Magitaa ya umeme yanakwenda mbio, fidla na kwaya zikiyafuata, na ndani yake mna hadithi ya shujaa anayeutafuta upanga wa zumaridi katika nchi isiyokuwapo. Wazee wenzangu waliziita kelele. Mimi nilisikia utenzi.

Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, vita vya Waislamu na mfalme Herekali, beti zaidi ya elfu moja. Vina vya ndani hubadilika kila ubeti, lakini kina cha mwisho ni kile kile hadi tamati. Hicho ndicho kamba inayomvuta msikilizaji asiachwe njiani.

Na Kilwa je? Husimuliwa kwamba Ali bin Hassan wa Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Muuzaji alirudi kwa vita, akangoja maji yapwe avuke. Hayakupwa: mkondo ulikuwa umekwisha kuchimbwa.

Upanga gani unaishinda hadithi hiyo? Lakini nimeisoma tu, sijaisikia ikiimbwa. Kijana yule anazijua kwa ghibu safari za shujaa wa Waitalia. Simlaumu. Wenzetu walithubutu kuimba, sisi tunaeleza.