Nani kasema?



Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu, anayesomea ualimu Tabora, alinitumia insha yake ya historia kwa WhatsApp. "Shikamoo shangazi. Nisomee, mwalimu kairudisha."

Mimi ni fundi cherehani, chuo sikufika. Nikaisoma hivyo hivyo. Kaandika kwamba Mtemi Mirambo alikuwa jambazi katili aliyewaonea wafanyabiashara. Mwalimu kapiga mstari chini ya "jambazi", "katili" na "aliyewaonea", pembeni kaandika: Nani kasema?

Nikampigia simu, nikamwambia anieleze yaliyotokea tu. Mwaka 1871 Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Stanley, yule mwandishi wa safari, alipigana upande wa Waarabu na akamwona Mirambo ni jambazi. Mwaka 1876 wakakutana, wakachanjiana udugu, na Stanley huyo huyo akamsifu. Wanyamwezi wengi humwita shujaa. Na sisi wa Unguja, ambao pembe za ndovu zilikuwa zikishukia kwetu, tumerithi maneno ya wafanyabiashara.

"Kwa hiyo nisitoe maoni, shangazi?"

"Toa, mwanangu. Lakini yatangulize yaliyotokea, kisha useme neno ni la nani. Kiuno inchi 30 ni kipimo. 'Gauni limempendeza' ni jicho langu. Vyote vinatakiwa, ila usimpe mtu jicho ukamwambia ni kipimo."

Nilipokata simu nikakuta ujumbe niliouandikia grupu letu la upatu, sijautuma bado: "Fulani ni mwizi, tahadharini naye."

Nani kasema? Ninachokijua ni kuwa alichukua madera matatu, akaahidi kulipa baada ya wiki mbili, na sasa ni miezi miwili. "Mwizi" ni hasira yangu. Na Surat Hujurat, inayotukataza dhana na kuitana majina mabaya, naisoma tangu chuoni kwa maalim.

Nikaufuta. Nikamwandikia mwenyewe: siku aliyochukua, idadi, bei. Mwisho nikaongeza: "Nimeumia." Hilo nalo ni la moyoni, lakini ni langu, na nimelisema kwa jina langu.

Kalipa dera moja. Mawili bado, na bado naumia. Lakini mtoto wake hatasikia mama yake akiitwa mwizi kwa sababu yangu.