Siku za Mbalamwezi

Nilizaliwa Butiama, kwa Wazanaki wa jembe na ng'ombe. Ziwa tulilijua kwa wauza samaki tu. Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere aliporudishwa kijijini kuzikwa, nilikuwa na binti yangu wa kwanza mgongoni na beseni la dagaa wa mwalo wa Mwigobero kichwani. Nilikwisha kuona kwamba faida haiko kwenye beseni. Mwanamke anaanika, anapepeta, anauza. Bei anaipanga mwenye mtumbwi.

Mwaka 2004 nikaenda benki moja kuomba mkopo wa mtumbwi. Afisa akauliza mume wangu yuko wapi. Yuko Bunda, anafundisha. "Basi aje yeye." Fedha zilitoka kwa ng'ombe wawili wa mama na mchezo wa akina mama wa mwaloni.

Wavuvi wangu wanne waliniita tajiri, kama wanavyomwita kila mwenye mtumbwi, ila wavu wakanikataza kuugusa: eti mkosi. Sikubishana. Mkosi niliuona mwenyewe nilipogundua kuwa dagaa wangu wanauzwa hukohuko ziwani, usiku. Nikaanza kuwasubiri Mwigobero saa kumi alfajiri, chupa ya chai mkononi, mtoto amelala juu ya magunia. Watu wakasema mke wa mwalimu amehamia kwa wavuvi. Maneno yakamfikia mume wangu Bunda. Jumamosi akaja, akakaa nami mchangani hadi mtumbwi ukaingia, akahesabu ndoo, akaniambia nimekosea, zimezidi mbili. Hakuongeza neno.

Masika nayo ilinitia adabu: mvua ya siku tatu juu ya dagaa walioanikwa, na chakula cha watu kikawa chakula cha kuku.

Dagaa huvuliwa kwa taa, karabai zamani, sola siku hizi, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukijaa, mitumbwi hupumzika na nyavu hushonwa. Hapo ndipo nilipokuwa mama: kusuka nywele, kukagua madaftari, kupanda basi kwenda Bunda. Giza likirudi, watoto kwa bibi yao. Mahafali ya kidato cha nne ya binti yangu, 2016, yaliangukia wiki ya giza. Sikwenda. Usiku ule tulipata ndoo sabini, na hesabu hiyo sijawahi kuifurahia.

Sasa nina mitumbwi mitatu na wanangu wana nyumba zao. Wakitaka kuja, hupiga simu kwanza kuuliza mwezi una siku ngapi.