Kahawa yetu katika kikombe chetu

Katika milima inayolizunguka ziwa Kivu wako watu wengi waliozeeka katika mashamba ya kahawa, wala hawajapata hata siku moja kuionja kahawa wanayoilima. Wanaijua rangi ya tunda lililoiva, wanaujua uzito wa kikapu, wanaijua njia iendayo kwa mnunuzi. Ukiwauliza ladha yake, watakujibu kwamba hilo ni jambo la Wazungu. Nyumbani hunywa chai au pombe ya ndizi, na mgeni wa heshima akifika, humpa kahawa ya kopo iliyonunuliwa dukani, iliyotoka ng'ambo! Twaona kwamba hasara ya jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, nasi twapenda kuwaeleza jinsi tulivyoitambua.

Sisi tu watoto wanne wa nyumba moja, tuliokulia mlimani upande wa Kalehe, mahali ambapo asubuhi kisiwa cha Idjwi huonekana kikitokea polepole katika ukungu. Babu yetu aliipanda miti ya kwanza siku za Wabelgiji, baba akaiongeza, nasi tulisomeshwa kwa kahawa hiyo, kisha tukaenda kutafuta kazi mjini. Mwaka 2022, wakati wa mavuno, tulipanda kuwasalimu wazazi. Katika mfuko tulichukua mashine ndogo ya kupikia kahawa, ambayo mdogo wetu alipewa na rafiki aliyekuwa akirudi Ulaya.

Mashine hiyo hushikwa kwa mkono mmoja, na uzito wake haufiki nusu kilo. Haitaki umeme. Unatia vijiko viwili vidogo vya unga wa kahawa upande mmoja, maji ya moto upande wa pili, unaifunga vizuri, kisha unasukuma pampu kwa kidole gumba kama mtu anayejaza upepo katika gurudumu la baisikeli. Maji yanalazimishwa kupita katika unga, na chini inatoka kahawa kidogo, nzito, yenye povu jembamba la rangi ya dhahabu.

Kahawa ya namna hii huitwa espreso, nayo ilianza kwa Wataliano. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa mji wa Torino aliandikisha mashine yake ya mvuke. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano akaandikisha nyingine, iliyompikia kila mtu kikombe chake. Lakini mvuke haukuwa na nguvu ya kutosha, tena uliiunguza kahawa. Baada ya vita ya pili ya dunia Achille Gaggia akaleta mashine yenye mkono wa kuvuta, na tangu hapo watu wakaanza kuliona lile povu la dhahabu. Msukumo unaotakiwa ni kama kuweka kilo 9 juu ya nafasi isiyopita ukucha wa kidole. Mashine zile za zamani zilikuwa kubwa kama kabati. Leo kazi yake inafanywa na kitu kinachokaa katika mfuko wa koti.

Tuliketi nje, chini ya mti wa avoka, kwa sababu ndani mna moshi na nje kuna upepo wa ziwa. Dada yetu mkubwa aliwasha makaa akakaanga kahawa katika sufuria kuukuu, akiikoroga bila kupumzika, mpaka punje zikaanza kulia kama mahindi ya moto. Ikabaki kuisaga. Mama akatuzuia mara moja:

— Wanangu, kinu changu cha sombe hakitaingia kahawa.

Akatupa kinu kingine kidogo, kisha akatunyang'anya mchi akatwanga mwenyewe, maana hakuupenda utwangaji wetu. Kazi hiyo yataka ustadi kweli. Unga ukiwa mnene, maji yanapita mbio nayo kahawa ni kama maji ya kunawa. Ukiwa laini mno, pampu inakataa kabisa. Kwa habari ya maji, milima yetu ina bahati. Huku juu huchemka yakifika digrii 94 au 95, si 100 kama kule pwani, na espreso yataka maji ya digrii 90 mpaka 96. Basi tuliyamimina yakichemka, bila kungoja.

Kikombe cha kwanza tulimpa baba. Akaomba sukari. Akaonja kwanza bila sukari, akanyamaza kitambo, akakiacha kijiko mahali pake.

— Hii ndiyo ile?

— Ndiyo, Baba. Ya miti ile pale, nyuma ya zizi.

— Ina uchachu kama wa chungwa, akasema. Miaka yote hii sikujua.

Tungetaka habari iishie hapo, kwa maana ilikuwa furaha tupu. Lakini mama alianza kutwanga fungu la pili, la shamba la bondeni, akasimamisha mchi.

— Ni nani aliyemenya viazi hapa?

Hakuna aliyemenya viazi. Harufu ilitoka katika kinu, tena tulipoipika kahawa ile ilizidi: ladha ya kiazi kibichi, iliyofunika kila kitu. Baba alionja, akamwaga kilichobaki, akakaa akitazama ziwa. Ndipo akatuambia jambo tusilolijua. Kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa akimkata bei akisema kahawa yake inanuka kiazi, naye pamoja na majirani waliamini kwamba huo ni uongo wa wanunuzi. Walikuwa wakiulizana kwa kicheko: viazi twalima kule, kahawa huku, vinakutana wapi?

Kwa ajili ya bei hizo mbovu watu wengi wa pande zetu waliivusha kahawa usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda, na wengi walizama. Mtoto wa shangazi yetu alikuwa mmoja wao. Hatusemi kwamba wanunuzi wote walikuwa wa kweli. Tumewaona wenye mizani ya hila. Lakini mtu asiyeonja hawezi kumtenga mnunuzi wa kweli na mwongo, wote wawili humwambia neno lile lile.

Sababu ya kiazi inajulikana. Yuko mdudu mwenye umbo kama ngao, mwenye mabaka meusi, meupe na ya rangi ya chungwa, ambaye hutoboa tunda la kahawa na kufyonza utomvu wake. Wataalamu wamemwona kuwa na uhusiano na ladha hiyo, inayosumbua kahawa ya Kongo ya mashariki, ya Rwanda na ya Burundi. Punje moja tu yatosha kuharibu kikombe kizima, na ikiwa mbichi mara nyingi huwezi kuitambua kwa macho. Mdudu huyo apenda miti yenye majani mengi na kivuli kizito. Shamba la bondeni, ambalo baba hakulikata matawi kwa sababu ya uzee, lilimfaa sana. Wiki ile tulikata matawi, tukaokota wadudu kwa mkono, na matunda tuliyatia ndani ya maji, tukayaondoa yale mepesi yaliyoelea.

Mashine tuliiacha kwa baba, na Jumapili majirani walileta kila mmoja kahawa yake mkononi. Lakini tusimdanganye msomaji: mashine hiyo huuzwa makumi ya dola, wala haihitajiki kwa kuonja. Waonjaji wenye kazi yao hutumia bakuli tu. Tia unga mnene wa kahawa, mimina maji ya moto, ngoja dakika 4, vunja povu la juu kwa kijiko huku ukinusa, liondoe, acha ipoe kidogo, kisha onja. Andaa mabakuli 5 ya kahawa ile ile, na kila moja litwangwe peke yake, kwa kuwa kiazi hujificha.

Mavuno yaliyofuata baba alikwenda katika kituo cha kuoshea kahawa akaomba kuketi pamoja na mwonjaji. Waliwekewa mabakuli 5. Baba akanusa, akaweka kidole juu ya la nne kabla ya mwonjaji kusema neno. Bei haikupanda siku ile hata franka moja. Lakini walimwonyesha daftari, nao wakatafuta pamoja ni kikapu gani kilichotoka bondeni.