Aliniuliza "Ni Nani?", Kumbe Jibu Lilikuwa Kijitoni

Anayeijua Forodhani ya jioni anajua hapana pahala pazuri kama pale pa kukaa na umpendaye. Taa za wauzaji zinawaka, moshi wa mishkaki unapanda, watoto wa mjini wanajirusha baharini kutoka ukutani, na ukishika glasi yako ya juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi unasahau shida zote. Mie mwenzenu ndipo hapo nilipoulizwa swali lililotaka kunivunjia nyumba.

Mume wangu aliweka glasi chini. Hakupiga kelele, wala hakunikunjia uso. Alisema tu, "Nakuomba uniambie kweli. Ni nani?"

Ilikuwa 2018, mwaka wa nne wa ndoa yetu. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa natokwa na uchafu usioisha, tumbo la chini linaniuma, na kila tukikutana kimwili naona damu. Nilikwenda zahanati ya kwanza nikaambiwa ni ugonjwa wa zinaa. Nikapewa vidonge vyangu na vya mume wangu. Tukameza. Sikupona. Nikenda ya pili, maneno yale yale, vidonge vingine vya watu wawili. Ya tatu hali kadhalika. Kila pahala naulizwa: umeolewa? Mumeo ana mke mwingine? Una mtu mwengine nje? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimekulia wapi.

Sasa jiweke wewe mahala pa mume wangu. Mara tatu unamezeshwa dawa za ugonjwa usiouona mwilini mwako, na kila mara mkeo anarudi na ugonjwa ule ule. Utafikiri nini?

Na mie nisijifanye malaika. Nilikuwa nampekua mifuko. Nilikuwa nainusa kanzu yake akirudi. Akiingia kuoga naishika simu yake, moyo unanidunda. Nilijua mie sijatoka nje ya ndoa, basi hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kama siye mie, ni yeye. Tukawa tunalala kitanda kimoja kama polisi wawili, kila mmoja anamlinda mwenziwe.

Mama mkwe naye hakukaa kimya. Siku moja nilimsikia ukumbini akimwambia mwanawe, "Miaka minne, baba, na nyumba haina mtoto. Dini imekuruhusu." Mashoga zangu wakasema nina jini mahaba, ndiye anayenizuilia mume na mtoto. Nikanyweshwa kombe, nikafukizwa ubani. Damu iko pale pale.

Usiku ule wa Forodhani sikumjibu. Niliinuka nikenda zangu nyumbani kwa miguu, buibui limelowa machozi. Kulipokucha nikapanda gari ya shamba nikarudi kwa mama.

Aliyeniokoa ni jirani yake mama, mkunga mstaafu. Alinipeleka kwa daktari mmoja wa kike, mtu mzima, mpole. Nilikaa nikijiandaa kwa maswali yale yale. Yeye akaniuliza, "Mwanangu, umekulia wapi?"

"Shamba huku huku kaskazini, karibu na Kinyasini."

"Mlikuwa mnaoga wapi?"

Nikacheka. "Kijitoni, daktari. Tulikuwa tunaoga, tunafua, tunaosha vyombo. Na msimu wa mpunga tunashinda ndani ya maji."

"Uliwahi kukojoa damu?"

Nikanyamaza. Miaka ishirini nilikuwa sijalikumbuka jambo lile. Nilikuwa darasa la nne au la tano. Wavulana skuli walikuwa wakikojoa damu wanajisifu kuwa wameshakuwa wanaume. Mie nilipoona yangu nilidhani nimevunja ungo mapema, nikaona haya kumwambia mama. Ikapita.

Basi bwana, daktari akanieleza. Minyoo ya kichocho humwingia mtu kupitia ngozi akiwa ndani ya maji baridi. Mtu mwenye kichocho akikojoa kijitoni, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono wadogo, vikitoka huko vinamsubiri anayekuja kuoga. Ndani ya mwili minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, na inaweza kuishi miaka mingi. Hayo wengi tunayajua tangu skuli. Tusilolijua ni kwamba kwa mwanamke mayai yale hayaishii kwenye kibofu. Yanaweza kunasa kwenye nyama za uke na mlango wa kizazi, hata mirija ya uzazi. Hapo ndipo unapopata uchafu, maumivu, damu baada ya tendo la ndoa, mimba kuharibika au kutunga nje ya mfuko, hata utasa. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha picha cha kuwafundisha waganga kuutambua ugonjwa huu mwaka 2015 tu, ilhali mnyoo wenyewe uligunduliwa na Mjerumani Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851!

Alinipima mkojo, hakikuonekana kitu. Akaniambia nisishangae, mkojo unaweza kuwa safi na mayai yakawa yamenasa kwingine. Akanitazama ndani kwa kioo cha kukuza, taratibu, huku akinieleza anachokiona: vidoa vya rangi ya manjano, kama punje za mchanga, na vijishipa vinavyotoa damu vikiguswa. Akachukua kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi pia, maana dalili zinafanana. Siku za kungoja majibu yale sizisahau. Yalirudi salama.

Nikamwomba jambo moja: amweleze mume wangu yeye mwenyewe. Nikampigia simu, akaja. Daktari akamwambia, "Ugonjwa huu mkeo hakupewa na mwanamme, wala wewe hukumpa. Haupiti kitandani. Ameupata kwenye maji, labda kabla hata hajajua kuwa wewe upo duniani." Mume wangu aliinamisha kichwa. Yeye ni mtoto wa Mji Mkongwe, ni mmoja wa wale waliokuwa wakijirusha pale Forodhani. Konokono wa kichocho hawaishi maji ya chumvi. Yeye aliogelea baharini, mie nikaogelea kijitoni, ndiyo tofauti yetu yote!

Dawa yenyewe ni prazikuanteli, inapimwa kwa uzito. Mie nilikuwa na kilo 60, nikapewa vidonge vinne vikubwa, vichungu, nikavimeza kwa mara moja baada ya kula. Kizunguzungu na tumbo kunikata, kesho yake nimeshapoa. Lakini sikudanganywa. Dawa inaua minyoo, haifuti makovu yaliyokwisha kuingia. Uchafu na maumivu vilipungua kidogo kidogo, damu ilichukua miezi kukoma.

Mtoto bado hatujajaaliwa, na huenda makovu ndiyo sababu. Mume wangu hajaoa mke mwengine. Aliniomba radhi, nami nikamwambia habari ya mifuko na simu. Tulirudi Forodhani, tukakaa pale pale. Lakini wapenzi wasomaji, nikisema nimesahau nitakuwa mwongo. Lile "ni nani?" lingalipo, na nadhani naye kanzu yake niliyoinusa haijamtoka moyoni. Tunajifunza upya kuaminiana, na kazi hiyo haina kidonge.

Hapa Unguja kazi kubwa imefanywa. Tangu 2012 dawa ziligaiwa skuli na vijijini, konokono wakauliwa vijitoni, watoto wakafundishwa, na kichocho kikapungua sana. Lakini sie tuliooga zamani tungali tunatembea na mayai yetu, na wengi tumeolewa mjini, kwa waganga wasiojua tulikotoka.

Kwa hiyo dada yangu, ukitibiwa zinaa mara moja, mbili, na hali haibadiliki, usikubali tu kumezeshwa mara ya tatu. Mwambie daktari ulipokulia na maji uliyoyaoga, hata asipokuuliza. Omba utazamwe ndani, omba na kipimo cha saratani. Na wewe kaka yangu, kabla hujauliza "ni nani?", uliza kwanza "ni nini?" Herufi moja tu inatofautiana, lakini ilinigharimu machozi mengi.