Fagio za Roosevelt

Kaka Mussa,

Nakuandikia kutoka Washington. Leo nina jambo linalokuhusu wewe na meza yako ya manunuzi pale halmashauri.

Mwenyeji wangu anafanya kazi kwenye jengo moja la serikali. Jioni nilimngojea ukumbini, wafanya usafi wakaingia zamu. Mmoja wao, kijana mwenye ulemavu wa akili, alisimamisha kibao cha njano, akaanza kudeki, kisha akanionyesha kwa kidole nipite wapi. Nilipozubaa, alinifokea kama mama anavyomfokea mgeni anayeingia na matope. Nilifurahi!

Kumbe usafi wa jengo lile haushindanishwi. Mwaka 1938 Bunge la Marekani liliamua kwamba serikali kuu inunue fagio na mopu zinazotengenezwa na wasioona. Mwaka 1971 Seneta Jacob Javits wa New York akaipanua sheria hiyo: wenye ulemavu mwingine mkubwa wakaingia, na huduma zikaingia, usafi wa majengo ukiwamo. Tangu 2006 mpango huo unaitwa AbilityOne. Tume inayousimamia ikishaiweka kazi kwenye Orodha ya Manunuzi, ofisi husika lazima ilipatie kazi hiyo shirika lililoteuliwa, lisilotafuta faida, kwa bei iliyopangwa na tume. Shirika nalo lihakikishe angalau asilimia 75 ya saa za kazi za mikono zinafanywa na wenye ulemavu.

Nikaikumbuka asilimia 2 ya mapato ya halmashauri yenu, ile ya mikopo kwa wenye ulemavu. Tunamkopesha mtu mtaji wa kutengeneza sabuni, halafu sabuni ya choo cha halmashauri tunainunua kwa mfanyabiashara mwingine. Huku wameanza na mnunuzi.

Ila usishangilie bado. Sheria ya fagio ilisainiwa na Rais Franklin Roosevelt, ambaye mwenyewe alipooza miguu, tarehe 25 Juni 1938. Siku hiyo hiyo alisaini sheria ya kima cha chini cha mshahara, na ndani yake mlikuwa na kifungu cha kuruhusu mwenye ulemavu alipwe chini ya kima hicho. Msimamizi hushika saa: ukitumia saa mbili kudeki ukumbi ambao mwenzako asiye na ulemavu huumaliza kwa saa moja, ujira wako wa saa ni nusu ya wake. Mwaka 2022 ndipo tume ilipopiga marufuku malipo ya namna hiyo kwenye mikataba yake. Miaka 84, kaka, na mlipaji ni serikali!

Ile asilimia 75 nayo ina wanaoilalamikia. Baadhi ya watetezi wa wenye ulemavu wanasema inawakusanya watu kundi lao peke yao, wakati haki yao ni kuchanganyika na wengine kazini. Wana hoja, hasa kwenye karakana za kutengenezea bidhaa. Kwenye usafi wa majengo nilidhani tatizo ni dogo, mpaka nilipogundua kwamba zamu yao huanza wenye ofisi wakiwa wanaondoka.

Ningekuwa wewe, ningeiga lile sharti la mnunuzi na kuiacha ile saa ya msimamizi. Mkataba wa usafi wa ofisi zenu unaisha lini? Na wanaofagia sasa wanalipwa shilingi ngapi kwa mwezi? Niandikie kabla sijaondoka huku, nipate kuwauliza wenyeji jinsi tume inavyoipanga ile bei.

Msalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako,
Idi